Kumfuata Mhusika Hatua kwa Hatua: Labani, Juliette na Suala la Mahari



Ukurasa wa elimu katika toleo hili unawahusu zaidi walimu wa sekondari, walezi wa klabu za wanafunzi na viongozi wa vijana katika sharika zetu za Tarime na Serengeti. Tutaangalia jinsi ya kumsaidia mwanafunzi kumfuatilia mhusika wa tamthilia tangu anapoingia jukwaani hadi anapotoka, na kumpima kwa haki. Wazazi nao wasiuruke ukurasa huu, maana tamthilia tutakayoitumia inazungumzia mahari, na mahari ni jambo letu sote.

Ugonjwa wa madesa

Mwulize mwanafunzi wa kidato cha tatu au cha nne: "Juliette ni mtu wa namna gani?" Atajibu upesi, tena kwa Kiingereza cha kukariri, kwamba ni jasiri, ana msimamo na ana mapenzi ya kweli. Mwulize tena: "Hayo umeyaona wapi?" Hapo ananyamaza. Sifa hizo hakuziona kitabuni bali kwenye desa, yale makaratasi ya majibu yanayotolewa fotokopi na kuuzwa mitaani kila mitihani inapokaribia.

Simlaumu mwanafunzi. Kitabu kimoja hushikwa na dawati zima, lugha ni ngeni, na muda ni mfupi. Lakini desa linamfundisha tabia iliyo mbaya kuliko kufeli mtihani, nayo ni kumbandika mtu jina kabla ya kumsikiliza. Baba yake Juliette anaitwa "mwenye tamaa", babu "mshamba", mama "mnyonge", na kesi imekwisha. Je, kijana ambaye baba yake naye anapanga kumwoza dada yake akiwa bado shuleni atafanya nini na somo la namna hiyo? Ama atamwona baba yake kuwa mtu mbaya tu, ama ataamua kwamba kitabu kimewatukana wazee na hakimhusu. Vyote viwili havimsaidii yule dada.

Tamthilia yenyewe

Kitabu ninachokizungumzia ni Three Suitors: One Husband cha Guillaume Oyono-Mbia wa Kamerun. Kwa Kiswahili tungesema Waposaji Watatu, Mume Mmoja. Kiliandikwa kwa Kifaransa na kuchapishwa mwaka 1964 mjini Yaoundé na CLE, shirika la uchapaji lililoanzishwa na makanisa ya Kiprotestanti. Tafsiri ya Kiingereza ilitoka mwaka 1968 mjini London. Hapa Tanzania, kwa miaka mingi, kimesomwa na wanafunzi wa kidato cha tatu na cha nne katika somo la fasihi ya Kiingereza.

Kisa chake ni hiki. Juliette, msichana wa sekondari, anarudi likizo kijijini Mvoutessi na kukuta nyumba nzima ina furaha. Kijana mkulima aitwaye Ndi amekwisha kuleta faranga 100,000 za mahari yake. Sasa anasubiriwa mposaji wa pili, Mbia, mtumishi mkubwa wa serikali, ambaye atatoa 200,000. Juliette mwenyewe hakuulizwa. Tena ana mtu wake, Oko, mwanafunzi asiye na kitu. Baada ya vurumai nyingi, na baada ya kuingia mganga Sanga-Titi na mfanyabiashara Tchetgen, Juliette anasaidiwa na binamu yake Kouma, zile faranga 300,000 zinachukuliwa kwa siri nyumbani kwa baba yake, anakabidhiwa Oko, na Oko anakuja kuzilipa kama mahari. Ni mchezo wa kuchekesha. Wanafunzi wetu wakishaelewa lugha, hucheka mpaka machozi. Waambie waweke ng'ombe mahali pa faranga, na Mvoutessi inahamia Nyamwaga au Natta siku hiyo hiyo.

Tuanze na Labani

Kabla ya kufungua kitabu cha Kiingereza, nashauri darasa lifanye mazoezi kwa Kiswahili, kwa mtu wanayemjua au wanayedhani wanamjua. Chukueni Biblia, kitabu cha Mwanzo, mkamfuate Labani katika sura ya 24, ya 29, ya 30 na ya 31. Mwanafunzi asiye Mkristo naye atalifurahia zoezi hili, kwani ni habari ya wafugaji, mahari na wakwe wagumu, na hakuna mtu wa Mara asiyeelewa hayo.

Wakianza, wengi watasema Labani ni mdanganyifu. Waambie hilo neno waliweke kando kwanza. Sasa wasome. Katika sura ya 24 mtumishi wa Ibrahimu amekuja na ngamia 10 kumtafutia Isaka mke. Labani anakimbia kumlaki mgeni, lakini angalieni mwandishi anataja nini kabla ya mbio hizo: Labani ameiona pete na vikuku mikononi mwa dada yake. Tendo moja dogo, nalo linasema mengi. Na bado, katika sura hiyo hiyo, ndugu wanaamua kumwita Rebeka na kumwuliza kama yuko tayari kwenda. Msichana anaulizwa! Labani yumo katika kikao hicho.

Sura ya 29 anamkumbatia Yakobo na kumkaribisha kama ndugu wa damu, kisha baada ya miaka 7 ya kazi anampa Lea badala ya Raheli, na anapoulizwa anajitetea kwa desturi ya mahali pake, kwamba mdogo haolewi kabla ya mkubwa. Yakobo anaongezewa miaka mingine 7. Sura ya 30 yanakuja mambo ya mbuzi wenye madoadoa. Sura ya 31 Yakobo anatoroka, na sasa tunawasikia mabinti wenyewe kwa mara ya kwanza wakimsema baba yao: wanalalamika kwamba aliwauza na fedha yenyewe ameimaliza. Labani anamfuatia Yakobo siku 7. Akimpata analalamika kuwa hakupewa nafasi ya kuwabusu wanawe na wajukuu, anadai kwamba kila kitu pale ni chake, halafu anaweka agano na kumtaka Yakobo asiwatese binti zake wala asioe wengine juu yao. Asubuhi anawabusu na kwenda zake.

Je, huyu anayewabusu si yule yule aliyewauza? Darasa likifika kwenye swali hilo, limekwisha kujifunza kazi yenyewe. Mdanganyifu ni kweli alikuwa, ila neno hilo moja haliwezi kuzibeba sura nne.

Daftari la mhusika

Sasa rudini kwenye tamthilia. Gawanyeni darasa katika makundi, kila kundi lichukue mhusika mmoja na kumfuata matendo yote matano. Ukurasa wa daftari ugawanywe kwa mistari. Sehemu ya kwanza waandike anasema nini na anamwambia nani, maana mtu hasemi sawasawa mbele ya mke wake na mbele ya mgeni mwenye gari. Sehemu ya pili waandike anafanya nini, pamoja na yale maelezo ya jukwaani yaliyochapwa kwa herufi za mlalo ambayo wanafunzi huyaruka kana kwamba hayawahusu. Sehemu ya tatu, wengine wanamsema vipi, hasa akiwa hayupo. Sehemu ya mwisho ni swali moja tu: katika tendo hili, mtu huyu anataka nini?

Swali hilo la mwisho ndilo lenye faida kubwa kuliko yote. Kwenye riwaya msimulizi anaweza kutuambia moyo wa mtu ukoje. Kwenye tamthilia hakuna wa kutuambia. Tunasikia maneno na kuona matendo, mengine tunayakisia wenyewe kwa ushahidi. Mwanafunzi akijua mhusika anataka nini, ataelewa kwa nini amesema uongo, kwa nini amenyamaza, kwa nini amecheka mahali pasipochekesha.

Kuna sharti moja ambalo walimu wengine huliona kali: hadi tendo la tatu liishe, sifa yoyote ni marufuku. Hakuna kuandika "jasiri" wala "mwenye tamaa". Ni maneno, matendo na ukurasa vilipopatikana, basi. Na tafadhali waruhusuni wajadiliane kwa Kiswahili, hata kwa Kikurya, Kingoreme au Kinatta wakiwa kwenye kundi, kisha waandike kwa Kiingereza. Wako wanaoogopa kwamba kufanya hivyo kunaharibu Kiingereza. Nionavyo mimi, asiye na la kusema hata akipewa Kiingereza chote hatasema kitu.

Atangana, baba mtu

Kundi litakalopewa Atangana ndilo lenye kazi nzito, hivyo mpe mwalimu wa kulisaidia au wanafunzi wenye subira. Desa limekwisha kumhukumu. Daftari litaonyesha kitu kingine.

Kwanza, ni yeye aliyempeleka Juliette sekondari. Hilo lisipitwe haraka, kwa kuwa wazee wengine pale kijijini, babu Abessolo akiwa wa kwanza, wanaona shule ndiyo iliyomharibu msichana. Pili, elimu hiyo hiyo ndiyo inayopandisha bei: aliyesoma anastahili mume mkubwa na fedha nyingi, na baba anaona amegharamia, sasa ni zamu ya kurudishiwa. Hapa simameni. Waulizeni wanafunzi kama wamewahi kusikia hesabu ya namna hiyo nyumbani kwao. Hamtahitaji kuwasukuma.

Tatu, angalieni ni nani wanaokuwapo kila Atangana anapoamua jambo. Yupo baba yake, yupo Ondua, yupo mkuu wa kijiji Mbarga ambaye sauti yake ni kubwa kuliko ya mwenye nyumba. Mbia anapofika na vinywaji na dereva, kijiji kizima kinataka kula. Atangana akikataa atakuwa amewanyima wote, tena amemdharau mtu wa serikali. Halafu fedha zinapopotea, kijiji kile kile kinamwacha na madeni mawili, la mkulima na la mkubwa, na yeye anakwenda hadi kwa mganga.

Wanafunzi wakifika hapo huanza kusema, "Kumbe na yeye amebanwa." Ni kweli, na ni vizuri wakaliona. Lakini msiwaache waishie hapo. Waongezeeni swali: katika kila tendo, Atangana anapobanwa, nani analipa? Atajibu mwanafunzi yeyote aliyejaza daftari kwa uaminifu kwamba analipa Juliette. Atangana anampenda binti yake, na Atangana anamuuza binti yake. Kijana aweze kuyaandika yote mawili katika aya moja, kila moja na ushahidi wake. Mtahini atampa alama kwa hilo. Zaidi ya hapo, ataweza kuzungumza na baba yake bila kumtukana na bila kumwogopa.

Wanaosema kidogo

Makrita, mama wa Juliette, anawafanya wanafunzi waone hana la kuandikwa. Kundi lake lipewe kazi ya kuhesabu: ni mara ngapi wanaume wanamwuliza maoni yake, na ni mara ngapi anatumwa jikoni? Hesabu yenyewe ni uchambuzi. Bibi Bella naye amekula chumvi nyingi na amekubaliana na desturi iliyomwoza. Sauti ya desturi haitoki kwa wanaume peke yao. Na Matalina, binamu wa rika la Juliette, haoni ubaya kabisa wa kuolewa na mkubwa mwenye gari. Mwandishi alimweka huyu makusudi, ili tusidhani kwamba wasichana wote wanafikiri kama Juliette.

Hapa Tarime swali moja huweza kujitokeza bila mwalimu kutarajia: na nyumba ntobhu je, ambapo mama asiye na mtoto wa kiume hutoa ng'ombe na kumwoa msichana? Mwalimu asiogope wala asikemee. Ni swali zuri la fasihi, kwa sababu linavunja ile picha ya kwamba mtoa mahari siku zote ni mwanamume. Mwulize mwanafunzi: kama Oyono-Mbia angeandikia Ukurya, angemweka mama huyo katika tendo lipi, na angetaka nini?

Mhusika mwingine wa kutopuuzwa ni Oyono, kaka wa Juliette. Maneno yake si mengi, lakini anayo haja yake: mahari ya dada ndiyo itakayomwoza yeye. Kwetu jambo hili halihitaji maelezo. Ng'ombe wanaoingia kwa ajili ya binti mara nyingi hawalali sana zizini. Wanatoka kwenda kumwoa mke wa kaka yake. Katika darasa lenye wavulana wengi, kundi la Oyono huwa na kelele mwanzoni na ukimya mwishoni. Uacheni ukimya ule ufanye kazi yake.

Fedha nayo ni mhusika

Yupo mmoja ambaye hayumo kwenye orodha ya wahusika ukurasa wa mbele: zile faranga 300,000. Mchoreni ubaoni mstari wa safari yake. Zimetoka kwa Ndi 100,000 na kwa Mbia 200,000, zimelala nyumbani kwa Atangana, zimetoka usiku, zimefika kwa Oko, zimerudi mchana kweupe kwa Atangana kwa shangwe. Atangana anazipokea zilizo zake, na bado anadaiwa kiasi kile kile na waposaji wawili. Kwa hiyo mwisho wa mchezo amepata nini? Waacheni wanafunzi wapige hesabu wenyewe. Kicheko cha mwandishi kimejificha katika hesabu hiyo, na asiyeipiga atasema tu kwamba tamthilia "inaisha kwa furaha".

Je, Juliette ni mwizi?

Katika shule na vikundi vyetu vya kanisa swali hili haliepukiki. Amri inasema wazi kuhusu kuiba. Wako walezi ambao wangependa kulipita haraka, na wako ambao wangetaka kulifunga kwa jibu moja. Mimi nashauri mrudi kwa Raheli. Alipotoka nyumbani kwa Labani aliviiba vinyago vya baba yake, akaviweka chini ya matandiko ya ngamia na kuvikalia wakati baba akipekua hema. Mwandishi wa Mwanzo anatusimulia alichofanya, wala hasimami pale pale kumhukumu. Anatuachia sisi na yale tuliyokwisha kuyasikia kuhusu fedha ya mabinti iliyoliwa.

Vivyo hivyo daftari la Juliette. Kundi lisome tena alijaribu nini kwanza. Alisema. Alikataa mbele ya wote. Alieleza kwamba anaye ampendaye. Ni lini alianza kutumia hila, na ni mlango upi uliokuwa umebaki wazi? Halafu walio upande wa pili nao wasikilizwe: Ndi, mkulima aliyechuma fedha yake kwa jasho, amemkosea nini Juliette hadi apotezewe? Mjadala utakuwa mkali. Nimeona wasichana wawili marafiki wakapingana juu ya Ndi hadi kengele ikagonga, na kila mmoja alikuwa na ukurasa wa kuonyesha.

Tahadhari kwa mlezi

Somo hili likifanyika sawasawa, siku moja mwanafunzi atabaki nyuma wenzake wakitoka, na atasema habari ambayo si ya Juliette. Mlezi awe amejiandaa. Asimtangaze darasani, asikimbilie nyumbani kwao kumgombeza baba, na asiahidi asichoweza. Ajue mambo machache ya uhakika. Sheria ya Ndoa ya mwaka 1971 haibatilishi ndoa kwa sababu tu mahari haikutolewa. Mwaka 2016 Mahakama Kuu ilitamka kwamba vifungu vya sheria hiyo vinavyoruhusu msichana kuolewa chini ya miaka 18 vinapingana na Katiba, na Mahakama ya Rufani ikathibitisha hivyo mwaka 2019. Mwaka huo huo wa 2016 Sheria ya Elimu ilirekebishwa na kuweka kifungo cha miaka 30 kwa anayemwoa au kumpa mimba mwanafunzi wa shule ya msingi au sekondari. Lipo dawati la jinsia na watoto la Polisi, na ipo namba ya simu ya watoto, 116. Kituo cha Masanga wilayani Tarime na Nyumba Salama ya Mugumu, iliyofunguliwa mwaka 2014, vimewapokea wasichana wengi waliokimbia ukeketaji na ndoa za lazima. Mchungaji na mwinjilisti wa usharika nao wahusishwe mapema, kwa kuwa mara nyingi wao ndio wanaoweza kukaa na baba huyo chini ya mti na akawasikiliza.

Kazi ya robo hii

Baada ya daftari kujaa, kila kundi lichague ukurasa mmoja wa mhusika wake na kuuigiza mbele ya darasa, bila mavazi wala mapambo; kiti kimoja cha mzee na kibuyu vinatosha. Kisha kila mwanafunzi aandike peke yake, kwanza kwa lugha anayoiweza na baadaye kwa Kiingereza, nusu ukurasa wa jambo ambalo Oyono-Mbia hakutuandikia: wageni wameondoka, ngoma imenyamaza, Atangana na Makrita wamebaki wawili nyumbani, na kwa mara ya kwanza Atangana anamwuliza mkewe, "Wewe ulikuwa unaonaje?" Makrita ajibu kwa yale tu ambayo daftari linayathibitisha.